Shamba Ni Letu, Karatasi Ni ya Nani?

(Mazungumzo ya maofisa wa elimu ya watu wazima na wahitimu wa kisomo, Njinjo, Wilaya ya Kilwa)



Tumefurahi kuwaona mmekuja wengi. Tunajua ni wakati wa kupalilia na kila mmoja ameacha jembe shambani. Basi hatutawachosha. Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ardhi, na juu ya haki ya mwanamke katika ardhi. Akina baba, msiondoke. Mazungumzo haya ni yenu pia. Kila baba hapa ana mama, ana mke, au ana binti.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu.

KARATASI YA MAMA MMOJA

Katika darasa letu moja, si mbali na mto Matandu, alikuwapo mama mmoja mjane. Umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini. Alipoanza kisomo alikuwa hajui hata herufi moja. Alikuwa na bidii sana. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anasoma maneno mafupi, kisha sentensi nzima.

Siku moja alikuja na kitu kimefungwa katika mfuko wa plastiki. Alifungua polepole. Ndani palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Akasema, "Walimu, leo nataka nisome karatasi yangu mwenyewe. Ni ya shamba langu nililomkodisha shemeji yangu."

Tukamwambia, haya mama, soma.

Akaanza kusoma. Alisoma jina lake. Alisoma jina la kijiji. Halafu akafika kwenye neno moja akasimama. Akarudia: ni-me-u-za. Nimeuza. Akanyanyua macho akatuuliza, "Hili neno ni nimekodisha, siyo?"

Darasa zima likanyamaza. Tukamwambia ukweli. Neno lile lilikuwa nimeuza. Chini ya neno lile palikuwa na alama ya dole gumba lake.

Ndugu zetu, mama yule alikubali kukodisha shamba kwa misimu miwili ya ufuta. Alipewa fedha za kukodisha. Lakini karatasi aliyoandikiwa ilisema ameuza. Hakuwa na mtu wa kumsomea isipokuwa yule yule aliyeiandika.

Alikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Majirani wa shamba walikuja kutoa ushahidi. Ilionekana kwamba Halmashauri ya Kijiji haikuidhinisha mauzo yale hata siku moja. Wazee wakasuluhisha. Shemeji akakubali kurudisha shamba baada ya mavuno. Mama akalipata shamba lake. Lakini mikorosho minne aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe ilikuwa imekwisha kukatwa. Shamba lilirudi, mikorosho haikurudi.

Baadaye mama yule alituuliza swali. Alisema, "Mlitufundisha kusoma habari za kuku na za mbolea. Mbona karatasi za namna hii hamkutuletea mapema?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana leo tumekuja na mazungumzo haya.

SISI NASI TULIKOSEA

Tuseme na kosa letu jingine. Siku moja tulisaidia watu kujaza fomu za kuomba hati za mashamba. Tulikaa mezani, watu wakapanga foleni. Kila mtu alipofika tuliuliza, "Mwenye kaya ni nani?" Akitajwa baba, tuliandika jina la baba, basi. Mke alikuwa amesimama pale pale, mtoto mgongoni. Hatukumwuliza. Hakuna sheria iliyotuambia tusimwulize. Ilikuwa mazoea tu.

Mazoea hayo yana historia. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mashamba mara nyingi yaligawiwa kwa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alihesabiwa kuwa mwanamume. Mama alilima, akapanda, akapalilia, akavuna. Lakini daftarini jina lake halikuwamo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata daftari likiwapo, kama jina lako halimo, mali yako inaweza kupotea bila habari.

SHERIA INASEMA NINI?

Wako watu wanaosema, "Mwanamke hana ardhi." Tuulizane, maneno hayo yameandikwa wapi? Katika sheria ya Tanzania hayamo.

Tunayo Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Tunayo pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Hebu tuziangalie kwa maneno mepesi.

Kwanza, mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuigawa, sawasawa na mwanamume. Masharti yanayomhusu mwanamume ndiyo hayo hayo yanayomhusu mwanamke.

Pili, mila zetu zinaheshimiwa. Lakini mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata ardhi, mila hiyo ni batili. Maana yake haina nguvu.

Tatu, mwanamke akiomba ardhi kijijini, Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kulipima ombi lake kwa kipimo kigumu kuliko cha mwanamume.

Nne, Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba. Kati yao wanawake wasipungue watatu. Rudini nyumbani mkahesabu. Katika baraza lenu wako wangapi? Wakiwa wawili, baraza hilo halijatimia.

Tano, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Mkutano Mkuu ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na zaidi. Mama umo. Binti mkubwa umo. Mkono wako ukiunyanyua unahesabiwa sawa na mkono wa mwenyekiti.

Kuna jambo moja watu hulisahau. Mtu asiye na hati bado anayo haki. Shamba ulilopewa na kijiji au ulilorithi kwa mila ni lako kisheria hata kama hujapata karatasi. Hati inaithibitisha haki hiyo. Kwa hiyo mtu asije akakutisha akasema, "Huna hati, ondoka."

WALIOTUTANGULIA MAHAKAMANI

Sheria hizi hazikuja hivi hivi. Wako wanawake waliozipigania kabla yetu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: mke anayepika, anayelea watoto na kutunza nyumba, je, amechangia mali ya ndoa? Mahakama ilijibu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Zinahesabiwa wakati mali ya ndoa inapogawanywa, kwa kufuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi ya Bi Holaria Pastory. Bibi huyu aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, aliliuza. Ndugu wa ukoo akamshtaki, akisema kwa mila ya Wahaya mwanamke haruhusiwi kuuza shamba la ukoo. Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba. Akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume.

Wenzetu wa nchi jirani nao wamekwenda mbele. Rwanda ilitunga sheria mwaka 1999 ya kuwapa mabinti haki ya kurithi sawa na wavulana. Uganda, kwa sheria ya mwaka 1998, mtu hawezi kuuza ardhi inayolisha familia bila mwenzake wa ndoa kukubali. Kwa hiyo tusidhani mambo haya ni ya wazungu tu.

DINI NA MILA JE?

Hapa Kilwa wengi wetu ni Waislamu. Wapo wanaosema, "Dini haimpi mwanamke ardhi." Si kweli. Katika mirathi ya Kiislamu mjane ana fungu lake linalojulikana. Kama marehemu ameacha watoto, mjane hupata thumni, yaani sehemu moja katika sehemu nane. Kama hakuacha watoto, hupata robo. Binti naye ana fungu lake, nusu ya fungu la kaka yake. Wengine wataona mafungu hayo hayalingani. Hayo ni mazungumzo marefu ya siku nyingine. Lakini kumtoa mjane mikono mitupu, hilo halimo katika dini, wala halimo katika sheria.

Tena tutofautishe mambo mawili. Mirathi ni mali ya marehemu. Shamba alilofyeka mama mwenyewe, au alilopewa na baba yake, hilo ni mali ya mama. Haliingii katika mirathi ya mume. Ndugu wa marehemu hawana sababu ya kuligusa.

Na mila zetu za kusini si zote zinamdharau mwanamke. Wamwera, Wamakonde na Wayao tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Basi anayesema "mila ya Mwafrika inamkataa mwanamke," mwulizeni, mila ya nani?

HAKI YA MAMA NA UDONGO WETU

Mtu anaweza kuuliza, haya yanahusu nini maendeleo ya kijiji? Yanahusu sana.

Tuchukue mfano. Mkorosho huanza kuzaa baada ya kama miaka mitatu, na huendelea kuzaa miaka mingi. Je, mjane anayeogopa kufukuzwa mwakani atapanda mkorosho? Hatapanda. Atapanda mihogo ya kula tu. Na mtu aliyekodi shamba msimu mmoja, ataweka matuta ya kuzuia udongo? Hataweka. Atachoma moto, atapanda ufuta, atavuna, atakwenda kufyeka pengine. Ndivyo misitu yetu inavyokwisha kidogo kidogo. Mtu hutunza kile anachojua ni chake.

Tuna mifano miwili hapa hapa wilayani Kilwa. Ikumbukeni.

Mfano wa kwanza. Miaka ya 2000 ilikuja kampuni ya Kiholanzi iitwayo BioShape. Ilitaka kulima mbono ili kutengeneza mafuta ya mitambo. Ilipata zaidi ya hekta 34,000 katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Watu walitegemea kazi na huduma. Mwaka 2009 kazi zilisimama. Mwaka 2010 kampuni ikafilisika kwao Uholanzi. Mbono haikuleta neema. Na ardhi je? Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya kawaida, haiko tena chini ya kijiji. Mwekezaji akiondoka, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Hilo ndilo somo.

Tena fikirini. Mgeni akifika msituni, huona pori tupu. Lakini mama wa kijiji haoni pori tupu. Yeye anajua kuni ziko wapi, ming'oko iko wapi, maji ya kiangazi yako wapi, dawa ya mtoto iko wapi. Mama huyo akikaa kimya katika mkutano, nani atasema kwamba pale si patupu?

Mfano wa pili. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipima mipaka yao. Vikatenga misitu ya hifadhi ya kijiji kwa kufuata Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Vikakubaliana miti mingapi ikatwe na mingapi iachwe. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora wa misitu. Ilikuwa ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayotunzwa na wanavijiji wenyewe. Mpingo wao unatakiwa hata ng'ambo, kwa kutengenezea zumari za wazungu. Fedha za magogo huingia katika mfuko wa kijiji.

Wilaya ni moja, misitu ni ile ile. Kikole na Kisangi walijua mipaka yao na wakashika wenyewe mpini wa jembe.

TUFANYE NINI?

Ndugu wanakisomo, maneno matupu hayavunji mfupa. Tunapendekeza mambo sita.

1. Soma kwanza, weka dole gumba baadaye. Sasa mnajua kusoma na kuandika, basi mwandike majina yenu. Kama maandishi ni magumu, yapeleke kwa mtu mwingine akusomee, asiwe yule anayetaka shamba lako. Yatafute maneno haya: nimeuza, nimekodisha, nimetoa, milele. Moja kati ya hayo linaweza kubeba shamba zima.

2. Usiuze wala kununua shamba la kijiji kichochoroni. Mauzo lazima yapite kwenye Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri nayo iulize: mke anajua? Mume anajua? Watoto watakula wapi?

3. Andikeni majina mawili. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuwa na jina la mume na mke pamoja. Akina baba, jambo hili halikupunguzii heshima. Siku ukifumba macho, mkeo hatabisha hodi kwa ndugu zako akiomba ruhusa ya kulima shamba aliloling'olea visiki pamoja nawe.

4. Tambueni mipaka pamoja. Baba, mama na watoto wakubwa watembee mpakani pamoja na majirani. Wote waone. Mafuriko ya Januari 2020 katika wilaya yetu yametufundisha. Maji yakipita hayamwulizi mtu mpaka wake uko wapi. Alama za kijiti na jiwe hubebwa. Pandeni mkonge au minyaa mpakani. Na waliovuka mafuriko hayo watakuambieni kwamba karatasi iliyo chini ya godoro hulowa. Mwenye hati ajue kwamba nakala huwekwa pia katika masjala ya ardhi. Ulizeni kama masjala yenu ya kijiji ipo na inatunzwa.

5. Nendeni kwenye Mkutano Mkuu. Ulizeni maswali matatu: Je, kijiji chetu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Je, tuna mpango wa matumizi ya ardhi, unaoonyesha mashamba yako wapi, malisho yako wapi, msitu uko wapi? Je, mpango huo tuliupitisha sisi au uliandikwa mezani? Kijiji chenye mpango kinaweza kuzungumza na mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake bila kushikiana marungu.

6. Ukidhulumiwa, usikae na donge moyoni. Anza na Baraza la Ardhi la Kijiji. Kazi yake ni kusuluhisha. Pakishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindwa, peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri la mirathi kwa kawaida linaanzia Mahakama ya Mwanzo. Huko huteuliwa msimamizi wa mirathi. Sikilizeni vizuri: msimamizi si mrithi. Amepewa kazi ya kugawa, hakupewa mali.

NENO LA MWISHO

Wazee wa wilaya hii wanajua maana ya ardhi. Mwaka 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Wajerumani, na Vita ya Maji Maji ikaanza. Walikataa kulimishwa kwa nguvu katika nchi yao wenyewe. Sasa ingekuwa aibu gani kwetu, wajukuu wa watu wale, kumtendea mama wa nyumbani yale waliyoyakataa wazee: alime maisha yake yote, halafu aambiwe shamba si lake!

Kisomo si kujua a, e, i, o, u peke yake. Kisomo ni macho. Mama yule tuliyewasimulia alipata macho akiwa amepita miaka hamsini, na kitu cha kwanza alichokiona ni wizi. Lakini alikiona. Asingejua kusoma, angekufa akidhani amekodisha.

Leo ana shamba lake. Amepanda mikorosho mipya. Tulipomtembelea alituambia, "Hii labda wataila wajukuu. Lakini safari hii karatasi nimeiandika mwenyewe."

Nasi tunawaomba: usiku wa leo, kila mmoja afungue sanduku lake. Atoe karatasi ya shamba kama ipo. Mume na mke wakae karibu na taa, waisome pamoja neno kwa neno. Kama jina la mmoja halimo, waulizane kwa nini. Kama karatasi haipo, kesho waende ofisi ya kijiji wakaulize.



MANENO MAGUMU

Batili – isiyo na nguvu kisheria.
Hakimiliki ya kimila – haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa kufuata mila na sheria.
Masjala – ofisi au mahali pa kutunzia kumbukumbu.
Msimamizi wa mirathi – mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya na kugawa mali ya marehemu.
Kufilisika – kuishiwa mali na kushindwa kulipa madeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini mama yule aliweka dole gumba kwenye karatasi ya mauzo? Angefanya nini ili asidanganywe?
2. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji chetu wako wanawake wangapi? Wanasema, au wanakaa tu?
3. Kuna tofauti gani kati ya vijiji vilivyompa ardhi mwekezaji wa mbono na vijiji vya Kikole na Kisangi?
4. Baba akikataa kuandika majina mawili, utamwambia nini bila kugombana?
5. Andika sentensi tatu juu ya mipaka ya shamba lako. Taja jirani wa kila upande.